Kanuni za matumizi ya kompyuta na intaneti chuoni: zipi zinatekelezeka?

Maabara_Mby (Mbeya) anauliza:

Wakuu, habari za kazi. Naandaa hati ya kanuni za matumizi ya kompyuta na intaneti kwa chuo cha kati hapa Mbeya, na ningependa wanaoijua kazi hii waikosoe kabla haijafika kwenye menejimenti. Vifaa viko hivi: wanafunzi 620, maabara 2 zenye kompyuta 45 za Windows, laini moja ya faiba ya Mbps 20, ruta ya MikroTik, swichi za kawaida zisizo na ukurasa wa kupangia, na vituo 4 vya waifai. Kila kompyuta ina UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650. Maabara ya pili iko jengo jingine, inaunganishwa kwa waya wa shaba wa mtandao uliopita juu kwa juu.

Kanuni zilizopo ni karatasi moja ya ukutani yenye mistari 18, yote inaanza na "Ni marufuku". Marufuku flashi, marufuku kupakua, marufuku mitandao ya kijamii, marufuku kula. Haisemi nani anasimamia wala kinachofuata mtu akikosea. Matatizo yanayosumbua zaidi:

a) Intaneti inakaba kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri.
b) Wote wanaingia kwa akaunti moja, hivyo haijulikani nani kafanya nini.
c) Flashi zinapita pamoja na marufuku, na mafolda yanageuka kuwa njia za mkato.
d) Waifai inaruhusu simu kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa mtandaoni), lakini simu zilizosajiliwa zinakataliwa kila baada ya siku chache.
e) Msimu wa mvua, radi ikipiga, milango ya mtandao kwenye kompyuta na swichi inakufa.

Nataka kujua kipi kiandikwe kwenye hati, kipi kiachiwe mitambo, na adhabu itolewe na nani. Naomba vipimo, si maneno ya jumla.

Ruta_na_Waya (Iringa) anajibu:

Kamwene mkuu. Nianze na laini, maana hapo ndipo karatasi ya ukutani inashindwa kabisa. Mbps 20 kwa kompyuta 45 ni kama Mbps 0.44 kwa kila moja. Video moja ya 1080p inakula kama Mbps 5. Wanafunzi wanne wakifungua video ya somo waliyoelekezwa na mwalimu wao, laini imekwisha na hakuna aliyekosea. Kwa hiyo usiandike "marufuku kuangalia video". Andika kwamba laini inagawanywa sawa kwa walioko mtandaoni, kisha ruta ifanye kazi hiyo.

Kwenye MikroTik tengeneza foleni mbili za aina ya PCQ (inayogawa kasi sawa kwa kila kifaa): ya kushusha itenganishe kwa dst-address, ya kupandisha kwa src-address. Zipachike kwenye simple queue moja inayofunika mtandao wote wa ndani. Kikomo cha juu weka M 18 au 19. Usiweke 20, kwa sababu foleni lazima ijengeke ndani ya ruta yako. Ukiweka 20 kamili inajengeka upande wa mtoa huduma, ambako huna mamlaka, na mgao wako unakosa kazi. Pima kasi halisi kwa waya, asubuhi kabla hawajaingia, siku tatu mfululizo, kisha punguza asilimia 5 hadi 10.

Kuna mtego hapa unaowakamata wengi. Mpangilio wa kiwandani wa MikroTik una kanuni ya FastTrack (njia ya mkato ya kupitisha data haraka), na pakiti zinazopita humo haziigusi simple queue. Mtu anapanga PCQ vizuri kabisa, anapima, hakuna kilichobadilika, anailaumu ruta. Zima kanuni hiyo kwanza. Prosesa ya ruta itafanya kazi zaidi kidogo, lakini kwa Mbps 20 hata ruta ndogo inamudu.

Halafu angalia masasisho ya Windows kabla hujawalaumu wanafunzi. Sasisho kubwa la GB 4 kwa kompyuta 45 ni GB 180. Kwa Mbps 20 hizo ni saa 20 za laini nzima bila mtu mwingine kuigusa. Kwenye mipangilio ya masasisho kuna sehemu ya Delivery Optimization. Ruhusu kompyuta zipokezane sasisho ndani ya mtandao wa chuo tu. Ikiwezekana kompyuta moja ishushe usiku (GB 4 ni kama dakika 27), kisha nyingine zichukue kwake. Panga saa za matumizi ili zisijianzishe upya katikati ya kipindi.

Torenti ni jambo ambalo marufuku yake ninaiunga mkono wazi. Programu hiyo haishushi tu, inapandisha pia, kwa hiyo anwani ya intaneti ya chuo ndiyo inayoonekana ikisambaza kazi ya mtu mwingine yenye hakimiliki. Tena inafungua mamia ya miunganisho kwa wakati mmoja na kuijaza meza ya ruta, ndiyo maana kurasa za wengine zinagoma hata pale kasi inapoonekana ipo. Weka kikomo cha miunganisho kwa kila kifaa, kati ya 150 na 200. Kivinjari cha kawaida hakitaguswa.

Akaunti. Hili ndilo shina la yote. Bila akaunti ya kila mtu, sehemu yote ya adhabu kwenye hati yako ni karatasi tupu. Jina la kuingilia liwe namba ya usajili, nywila ya kwanza ibadilishwe siku ya kwanza, urefu usiopungua herufi 12. Usiwalazimishe kubadili nywila kila mwezi: wataandika ya zamani na kuongeza 1, 2, 3, au wataibandika chini ya kibodi. Akikosea mara 5, akaunti ijifunge dakika 15. Kwenye hotspoti ya MikroTik weka shared-users (idadi ya vifaa kwa akaunti moja) iwe 1, ili akimpa mwenzake yeye mwenyewe akose. Kitu hicho kimoja kinafanya kazi kuliko mistari mitatu ya onyo.

Suala la MAC: simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hutumia anwani ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao. Mtu akiusahau mtandao na kuunganisha upya, au akiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, anwani inaweza kuwa nyingine kabisa. Hakuna aliyewahujumu, ni ulinzi wa faragha ulioko kwenye simu yenyewe. Acha kusajili MAC, tumia jina na nywila.

Kumbukumbu za ruta nazo ziandikwe mahali pengine. MikroTik kwa kawaida inashika mistari 1,000 kwenye memori, na umeme ukikatika inapotea yote. Zitume kwenye kompyuta moja inayokaa kwenye chumba kilichofungwa. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa, kwa hiyo washa NTP (inayoweka saa sahihi kutoka mtandaoni) na uweke ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam; kumbukumbu yenye saa isiyo sahihi haina thamani mbele ya kamati. Na kwenye ripoti andika saa zote mbili: ruta ikisema 14:05, andika pembeni "saa 8 na dakika 5 mchana". Wajumbe wakijadili kwa saa ya Kiswahili na fundi akisoma ya ruta, kesi inaharibika kwa tofauti ya saa 6 ambayo haikuwepo.

Mwisho, waya. Mwanafunzi akichomeka ruta yake ya nyumbani kwenye tundu la ukutani, ruta hiyo inaanza kugawa anwani zake, tuseme 192.168.0.x au 192.168.1.x, na nusu ya maabara inakosa intaneti. Dalili: fungua ipconfig /all, tazama mstari wa DHCP Server, kama si anwani ya ruta ya chuo, umeshapata jibu. Swichi zako za kawaida haziwezi kulizuia hili. Ukipata bajeti ya swichi moja inayopangika, iweke katikati na uwashe DHCP snooping (kinga dhidi ya vifaa vinavyogawa anwani bila ruhusa), mlango wa kuelekea ruta tu ndio uaminiwe. Swichi ya aina hiyo inaweza kuzuia pia ile ya mtu kuchomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi moja, kosa linalozima jengo zima ndani ya sekunde. Mpaka hapo, kanuni iwe fupi: hakuna kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la mtandao bila fundi. Na matundu yasiyotumika yachomoe upande wa swichi.

Taratibu_Haki (Iringa) anajibu:

Ndugu mwuliza, mwenzangu hapo juu kamaliza mitambo, mimi niongeze upande wa sheria na nidhamu, kwa sababu hati nyingi za vyuo zinaangukia huku.

Kwanza, hati isimame juu ya kitu. Kama kanuni za kompyuta hazijatajwa ndani ya kanuni za nidhamu za wanafunzi zilizopitishwa na bodi, adhabu yoyote nzito itatenguliwa kwenye rufaa. Ongeza kifungu kimoja kwenye kanuni za nidhamu kinachosema kukiuka Kanuni za Matumizi ya TEHAMA ni kosa la nidhamu, kisha hati yako iwe kiambatisho. Mwanafunzi asaini wakati wa usajili, nakala moja abaki nayo. Iandikwe Kiswahili. Ukiiandika Kiingereza peke yake, wa kwanza kushtakiwa atasema hakuelewa, na atakuwa na hoja.

Pili, tofautisha kosa la nidhamu na kosa la jinai. Kuacha chupa ya maji mezani ni nidhamu ndogo. Kuingia kwenye mfumo wa matokeo kwa nywila ya mwalimu ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 4 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, kubwa kati ya hizo, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Wanafunzi waambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa maneno ya kawaida. Vijana wengi wanaamini kujaribu nywila ya mtu ni mchezo. Picha za ngono, unyanyasaji wa mtandaoni na kujifanya mtu mwingine navyo vimo kwenye sheria hiyo, na chuo hakina mamlaka ya kuvimaliza kwa onyo la mdomo.

Tatu, nani anatoa adhabu. Fundi wa maabara asiwe mlalamikaji, shahidi na hakimu kwa pamoja. Mamlaka yake yaishie kwenye kusimamisha akaunti kwa muda, tuseme saa 48, ili kuzuia madhara yasiendelee, na aandike sababu siku hiyo hiyo kwa Mshauri wa Wanafunzi. Zaidi ya hapo ni kamati. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, kwa hiyo hati iseme: tuhuma kwa maandishi, siku zisizopungua 3 za kujiandaa, nafasi ya kujieleza, uamuzi wenye sababu, na rufaa inapelekwa wapi. Tena ukimfungia akaunti kipindi cha mtihani wa mtandaoni, umempa adhabu ya kitaaluma bila kumsikiliza. Weka njia ya kumwezesha afanye mtihani chini ya usimamizi.

Kuna tabia ya "darasa zima mtalipa" pale kibodi inapoibiwa. Iondoe kabisa. Haina msingi wa haki, na inawafundisha wasio na kosa kufichana. Fidia iwe gharama halisi kwa risiti, kwa aliyethibitika.

Nne, ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali kielelezo cha kielektroniki, lakini uzito wake unategemea kilivyotengenezwa, kilivyotunzwa na kama aliyekiandika anatambulika. Kompyuta ikishukiwa, mtu asiendelee kuitumia. Pigeni picha ya skrini kwa simu mkiwa wawili, nakilini kumbukumbu za ruta kwenye diski tupu, andikeni tarehe, saa na majina ya mliokuwepo, fungieni kwenye bahasha. Akaunti ya pamoja inaua ushahidi wote huo, kama alivyosema mwenzangu.

Tano, faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na chuo ni mkusanyaji wa taarifa, kwa hiyo kinatakiwa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kumbukumbu za nani alitumia intaneti saa ngapi ni taarifa binafsi. Hati iwataarifu wanafunzi mnakusanya nini, kwa sababu gani, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuziona. Siku 90 zinatosha kwa chuo cha ukubwa wenu. Zaidi ya hapo ni mzigo na hatari. Na kanuni iwabane watumishi pia: orodha ya matokeo au madeni ya ada yenye majina na namba za usajili isirushwe kwenye kundi la WhatsApp, wala isiachwe kwenye kompyuta ya maabara.

Maabara_Mby:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Mawili bado. Kwanza, "mnakusanya nini": wanafunzi wanaamini ruta inasoma jumbe zao za WhatsApp, na baadhi ya viongozi wanaamini hivyo hivyo na wanataka iandikwe kwenye hati. Pili, VPN (programu inayoficha mtu anakokwenda mtandaoni): tuifungie?

Ruta_na_Waya (Iringa):

La kwanza lijibiwe kwa ukweli ndani ya hati. Kurasa nyingi leo zinapita kwa HTTPS, yaani zimefungwa kwa msimbo. Ruta yenu inaona kifaa gani, saa ngapi, kilienda kwenye jina gani la tovuti, na kilikula data kiasi gani. Haisomi ujumbe, haioni nywila, haioni ukurasa wenyewe. WhatsApp imefungwa kwa msimbo kutoka simu hadi simu. Ukiandika kwamba mnasoma jumbe, umeandika uongo, na pia umekiri kosa, maana kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini kumekatazwa na ile ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Waeleze viongozi kwa maneno haya haya.

VPN: TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka wanaoitumia kwa kazi zao wasajili taarifa zake, kwa hiyo si jambo la kuachia holela. Kwenye hati andika kwamba haitumiki kwenye mtandao wa chuo isipokuwa kwa kibali cha Afisa TEHAMA. Kiufundi usipoteze wiki ukiwinda kila programu ya VPN, kwani nyingi zinapita mlango wa 443 kama tovuti ya kawaida. Mgao wa PCQ unaihesabu VPN kama matumizi mengine ya kifaa kile, kwa hiyo mwenye VPN hapati kasi ya ziada.

Kuchuja picha chafu, njia nyepesi ni DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani): elekeza ruta kwenye 1.1.1.3 ya Cloudflare, inayozuia tovuti hizo na zenye programu hasidi. Kisha geuza maombi yote ya mlango wa 53 yarudi kwenye ruta, la sivyo mtu anabadili DNS kwenye kompyuta na kupita. DNS iliyofichwa ndani ya kivinjari nayo izimwe kwa sera ya kivinjari kwenye kompyuta za maabara. Kwenye simu zao huwezi, na usijifanye unaweza.

Mtunza_Maabara (Njombe) anajibu:

Habari zenu wakuu. Huku kwetu nyanda za juu mambo mawili yanaua vifaa kuliko wanafunzi wanavyoviua: baridi na radi. Hati za kunakili kutoka vyuo vya nje hazina hata neno moja juu yake.

Baridi ya Juni na Julai inaleta hita za maji maabara. Hita ya W 1,000 ikichomekwa nyuma ya UPS ya VA 650, ambayo uwezo wake halisi ni kama W 360 hadi 390, UPS inalia na kuzima, au inaungua. Printa ya leza nayo isipite kwenye UPS, kwa sababu inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Andika: soketi za maabara ni za vifaa vya maabara tu, na ainisha meza moja ya kuchajia simu na laptopu yenye saketi yake. Ukikataza bila kuwapa pa kuchaji, watachomoa kompyuta.

Betri ya UPS hiyo kwa kawaida ni V 12, Ah 7. Ikiwa mpya inakupa dakika 10 hadi 20 kwa kompyuta moja na skrini, na inachoka ndani ya miaka michache. Kwa hiyo kanuni ya mtumiaji ni: UPS ikilia, hifadhi kazi na uzime ndani ya dakika 5. Asiendelee kuandika kwa sababu "bado inawaka". Wakati wa kazi ahifadhi kila dakika 10.

Radi: mwuliza amesema milango ya mtandao inakufa. Sababu ni ule waya wa shaba wa jengo hadi jengo. UPS inalinda upande wa umeme, lakini mshtuko unaingia kwa waya wa mtandao, unapita swichi, unafika kwenye ubao wa kompyuta. Badilisha kipande hicho kiwe faiba na vigeuzi viwili vidogo, kimoja kila upande. Faiba haipitishi umeme. Kagua na fimbo ya ethi pia, maana kinga ya mshtuko isiyo na ethi nzuri ni pambo. Kuanzia Novemba hadi Aprili kanuni iwe na mtu: ngurumo ya kwanza ikisikika, mhudumu wa zamu anatangaza, watu wanahifadhi, kompyuta zinazimwa, plagi zinachomolewa ukutani na waya wa jengo la pili unachomolewa kwenye swichi. Kuzima kwa kitufe tu hakutoshi. Wanafunzi wenyewe wasikimbilie kuchomoa nyaya, kila mtu atachomoa wake na kesho hutajua upi ni upi. Bandika namba kwenye kila ncha.

Sasa flashi. Marufuku haitafanya kazi, kwa sababu wanachapisha kwenye steshenari za mjini na flashi ndiyo usafiri wao. Weka kituo cha ukaguzi mlangoni: kompyuta moja kuukuu yenye Linux. Virusi vya Windows vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato havitembei humo, unaona faili zote za kweli na unafuta za uongo, zile za .lnk zenye KB 1 au 2 na za .vbs. Kwa Windows, mafolda hayajapotea, yamefichwa tu. Kama flashi ni E, fungua kidirisha cha amri uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yanarudi. Futa njia za mkato baada ya hapo, na usibofye hata moja wakati unaangalia. Kwenye kompyuta zote zima AutoPlay, mpe mwanafunzi akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha, weka nywila ya BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) na uzuie kuwaka kutoka kwenye flashi. Ukiacha hilo la mwisho, mtu anawasha kompyuta kwa flashi yake na kufuta nywila ya msimamizi ndani ya dakika kumi.

Ukitumia programu ya kurudisha kompyuta hali ya mwanzo kila ikiwashwa, kama Deep Freeze, hati iseme kwa herufi nene kwamba kinachoachwa kwenye Desktop kinapotea. Tenga diski D isiyogandishwa, au folda ya mwanafunzi kwenye seva yenye GB 1. Kazi ya mradi ikipotea kwa sababu kanuni haikusema, kosa ni la maabara.

Programu za kuvunja leseni za Windows na Office ziwe kosa kwa watumishi kwanza. Nyingi zinataka uzime kinga ya virusi ili zifanye kazi, na hapo umefungua mlango. Chuo kikikosa fedha, LibreOffice ni bure na inafungua faili za Word na Excel.

Mkutubi_Tukuyu anajibu:

Ndugu zangu, napingana na jambo moja lililobaki kwenye karatasi ya zamani: marufuku ya mitandao ya kijamii. Walimu wanatuma noti kwenye makundi ya WhatsApp, na masomo ya ufundi yako YouTube. Ukifunga kabisa, unafunga na somo. Panga kwa kipaumbele: saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni mwenye kazi ya kipindi, kuandika ripoti au kujaza maombi ana haki ya kiti kuliko anayeperuzi, na mhudumu anaweza kumwomba ampishe. Baada ya saa 10 viti viko wazi.

Hayo maombi ndiyo yaliyonifanya niandike. Kipindi cha mikopo wanafunzi wanaingia kwenye mfumo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu), wengine wanafungua barua pepe na kuchukua namba za malipo, wakiwa kwenye kompyuta ya watu 20 kwa siku. Kivinjari kinawauliza kama kihifadhi nywila, wanabofya ndiyo. Anayekaa baadaye anakuta akaunti wazi yenye namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na taarifa za wazazi. Lazimisha kivinjari kiwe kwenye hali ya mgeni, ili kikifungwa kifute kila kitu, na zima kabisa uhifadhi wa nywila. Kwa mtumiaji iandikwe hivi: ondoka kwenye akaunti, funga kivinjari, toka kwenye kompyuta. Anayekuta akaunti ya mwenzake wazi anaifunga na kumwambia mhudumu. Akiipekua ni kosa, hata kama hakuiba kitu.

Kuchapisha nako kusiachwe. Kurasa 50 kwa muhula kwa kila mwanafunzi, zaidi ya hapo alipie kwa bei iliyobandikwa. Hakiki kurasa kabla ya kutuma, maana karatasi nyingi hupotea kwa mtu kutuma faili ya kurasa 80 akitaka ukurasa mmoja, kisha kubofya tena kwa kuwa printa inachelewa.

Maabara_Mby:

Nimeelewa. Nikianza kuandika vifungu kwa mtindo huu mtanisahihisha?

"Kila mwanafunzi atatumia akaunti yake tu. Sababu: matendo ya akaunti yatahesabiwa kuwa yake mpaka athibitishe vingine. Mtambo: kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Msimamizi: Afisa TEHAMA. Akikiuka: mara ya kwanza onyo la maandishi, mara ya pili kusimamishwa saa 48, mara ya tatu kamati."

Taratibu_Haki (Iringa):

Muundo ni mzuri: kanuni, sababu, mtambo, msimamizi, hatua. Kifungu kisichoweza kujaza sehemu hizo tano kiondoe. Ila hapo "mpaka athibitishe vingine" ifute. Umemtwika mtuhumiwa mzigo wa ushahidi. Andika: "Mwenye akaunti ana wajibu wa kulinda nywila yake na kutoa taarifa ndani ya saa 24 akihisi imejulikana." Hapo anayeigawa kwa makusudi ana kosa lake, aliyeibiwa ana njia ya kujitetea, na kamati inabaki na kazi yake ya kutafuta nani hasa alikuwa kwenye kiti.

Na weka tarehe ya kupitia upya hati, kila mwaka mwezi Agosti, kabla ya usajili.

Ruta_na_Waya (Iringa):

Kabla hujapeleka menejimenti, washa PCQ wiki mbili na uchapishe grafu ya laini ya kabla na baada. Omba na bei ya ile faiba ya jengo la pili kwenye barua hiyo hiyo, mvua za Novemba hazisubiri kikao.